Uchambuzi wa kisa: mlinzi aliyesema wembe unamkataa

Mhusika na mazingira yake

Ni kijana wa miaka 27, mlinzi wa kampuni binafsi Dar es Salaam. Jina, kampuni na mtaa nimeviacha, na vitu vingine vidogo nimevigeuza makusudi asitambulike, mwenyewe kasoma karidhia. Humu nitamwita kaka, ndivyo nilivyokuwa namwita dirishani, na yeye aliniita dokta kama wateja wengi wanavyotuita sisi wa famasi.

Shifti yake ni masaa 12, wiki moja mchana, wiki moja usiku. Kabla ya kuingia lindo kuna ukaguzi, afande anapita mstari mzima anaangalia viatu, mkanda, kofia na kidevu. Ndevu zikionekana unarudishwa, na ukirudishwa siku hiyo hailipwi. Kwa hiyo kaka alikuwa ananyoa kila siku ya kazi, na ndevu zenyewe ni za kipilipili kabisa, ngumu, zinajikunja tangu zinapochomoza. Anaishi nyumba ya kupanga, bomba moja uani, bafu la wote, chumba anachangia na mlinzi mwenzake. Wiki ya mchana anaamka saa kumi alfajiri. Kioo ni cha kushika mkononi, mwanga ni wa tochi ya simu. Na alikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio, mwezi wa nne, hilo likumbuke maana litakuja kuleta shida huko mbele.

Nimeyaeleza yote haya kwa sababu ushauri mwingi wa kunyoa unadhani mtu ana maji ya moto yanatoka ukutani na nusu saa ya kukaa mbele ya kioo. Huyu hana, na ushauri usioingia kwenye bafu lake na saa zake hautamsaidia hata kama ni sahihi.

Alivyokuja

Alikuja jioni na yunifomu yake, vifungo viwili vya kola kavifungua, akaomba tyubu ya krimu kwa jina. Ni moja ya zile krimu za mchanganyiko, ndani kuna steroidi kali, dawa ya fangasi na antibiotiki kwa pamoja, mtaani zinajulikana sana na watu wanazipaka kwa kila kitu, kuanzia upele mpaka kutafuta weupe. Rafiki yake kamwambia ndiyo dawa ya vipele vya ndevu. Nikamuuliza kaka unataka kupaka wapi, akainua kidevu akanionyesha, akasema, "Dokta mimi wembe unanikataa, tangu nianze hii kazi sura yangu imeharibika."

Nilichouliza na nilichoona

Nilimwomba anisimulie anavyonyoa, mwanzo mpaka mwisho, kuanzia anapofungua bomba. Hili swali naliuliza kabla ya kuangalia ngozi vizuri, maana mara nyingi jibu liko humo humo.

Anajimwagia maji ya baridi usoni, anajisugua sabuni ya mche, ile ile ya kufulia, hapo hapo anaanza kunyoa. Wembe wake ni wa plastiki wa kutupa, una nyembe mbili kichwani, anautumia mpaka ushindwe kukata, ukipotea anaazima wa mwenzake. Ananyoa kwa kupandisha, kutoka shingoni kwenda kidevuni, kinyume na ndevu zinavyolala, na mkono mwingine unavuta ngozi ili wembe upite karibu kabisa, sehemu moja anairudia mara tatu nne mpaka kiganja kiteleze. Akimaliza spiriti. Ikichoma sana kuna siku anapaka ndimu, aliambiwa inakausha vipele. Na akipata hela mwisho wa mwezi anaenda saluni anafanyiwa skrabu ili "kutoa uchafu".

Sasa kwa macho. Wekundu unaotajwa kila mahali kwenye maelezo ya kuungua kwa wembe, kwenye ngozi nyeusi kama yake huuoni, na hapa wengi wanapotea, wanasema mbona sijaungua. Nilichokiona ni mashavu na chini ya taya pameiva weusi kuliko sehemu nyingine, panang'aa kwa kukazwa, pamekauka na kutoa vigamba vidogo vidogo. Ukiweka kiganja kuna joto. Jasho likigusa panachonyota. Alisema hali hiyo inaanza dakika chache tu baada ya kunyoa, jioni inapoa kidogo, asubuhi inachokozwa upya.

Shingoni hali ilikuwa nyingine. Kulikuwa na vipele vigumu, vichache vina usaha, na nilipomulika tochi kwa karibu nikaona kwenye baadhi yao nywele imejikunja ikaingia tena ndani ya ngozi kama kitanzi. Hivi haviji palepale, vinajitokeza baada ya siku moja, mbili au zaidi.

Kwa hiyo kaka alikuwa na matatizo mawili akiyaita jina moja. La kwanza ni kuungua, yaani tabaka la juu la ngozi limechunwa na wembe na kukaushwa na vitu alivyopaka juu yake. La pili ni nywele kuotea ndani, na kwa mwenye kipilipili zinaingia kwa njia mbili, ama nywele inatoka nje halafu inapinda inatoboa ngozi pembeni, ama inakatwa fupi mno inabaki chini ya usawa wa ngozi na ikianza kukua inatoboa ukuta wa kinyweleo ikiwa bado humo ndani. Mwili unaiona kama mwiba, unavimba kuipinga. Tofauti hii ndiyo imebeba kisa chote, maana kuungua kunapoa kwa siku chache ukiacha kukuchokoza, lakini nywele iliyozama haitulizwi na kitu unachopaka juu, inataka muda ipate urefu ijitoe yenyewe.

Nilitafuta pia dalili za hatari, homa, uvimbe mkubwa wa upande mmoja unaouma, mabaka ya duara yenye magamba pembeni ambayo yangenifanya niwaze fangasi, na nikamuuliza kama ana kisukari au anatoka majipu mara kwa mara. Hakuwa na kimojawapo. Angekuwa nacho ningemwelekeza hospitali siku hiyo hiyo bila kumuuzia kitu.

Uamuzi wa kwanza: krimu aliyoitaka sikumpa

Hakufurahi, na namwelewa, ametoka kazini amechoka, hela anayo mkononi. Krimu ile ingempoza, tena haraka, maana steroidi kali inazima uvimbe kweli. Lakini angeendelea kunyoa vilevile, kwa hiyo angeipaka kila siku, na ikipakwa usoni wiki baada ya wiki ngozi inakuwa nyembamba, inaanza kutoa chunusi za krimu yenyewe, inaweza kupauka mabaka, na kama kuna fangasi wanaendelea kukua chini yake bila kuonekana. Ngozi nyembamba ukiipitishia wembe inaungua zaidi, akiungua zaidi atapaka zaidi. Nimeona sura za vijana wazuri zimeishia hapo na inaniuma kila mara kwa sababu kuirudisha ngozi ya namna hiyo ni kazi ya miezi.

Nilimweleza hivi hivi bila kumficha, nikamwomba anipe wiki moja.

Siku za kupoza

Bahati alikuwa na ofu ya siku mbili. Nikamwambia siku hizo wembe usiguse uso kabisa, na akirudi kazini apite saluni apitishwe mashine zero, wembe hapana. Mashine inabakiza kijinywele kifupi sana juu ya ngozi, afande akiangalia harakaharaka anaona uso safi, lakini ngozi haijakwanguliwa.

Ya kupoza yalikuwa machache. Kitambaa safi, kichovywe maji ya baridi, kiwekwe usoni dakika kumi, mara tatu kwa siku, barafu yenyewe isigusane na ngozi. Halafu mafuta ya mgando ya kawaida yasiyo na manukato, tabaka jembamba, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, mashavuni tu, shingoni kwenye vipele vyenye usaha asipake. Na nilimpa haidrokotizoni ya asilimia 1, kidogo sana, mara mbili kwa siku kwa siku tatu, sehemu zinazochoma tu, basi. Mtu anaweza kuuliza mbona hii pia ni steroidi, ndiyo, lakini ni dhaifu kuliko ile aliyoiomba na muda wake umefungwa tangu mwanzo.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa kumwondolea vitu. Spiriti ilikuwa ya kwanza na ndiyo tuliyobishana. "Sasa vijidudu dokta?" Nikamwambia spiriti ni ya kusafishia mashine na vifaa, huko ndiko vijidudu vinakohama kutoka mtu hadi mtu, lakini kwenye ngozi iliyochunwa inaondoa mafuta ya asili, inakausha, na yale maumivu ambayo watu wanayachukulia kama ishara kwamba dawa inafanya kazi ni ngozi inaumizwa mara ya pili. Ndimu ni mbaya kuliko anavyodhani, maji ya ndimu na limao yana kemikali ambazo zikikaa kwenye ngozi halafu jua likapiga zinaunguza na kuacha madoa meusi, na mlinzi wa getini anasimama juani mchana mzima. Skrabu juu ya ngozi iliyoungua ni kuchubua kidonda. Sabuni ya mche ibaki kwenye nguo.

Aliuliza alovera kwa sababu imeota pale uani kwao. Nikamwambia ule ute mweupe wa katikati hauna shida kwa watu wengi, ila ile maji ya njano inayotoka chini ya ganda inawasha, kwa hiyo akikata aache ichuruzike yote, aoshe ute, ajaribu kwanza nyuma ya sikio. Hakuijaribu, na mafuta ya mgando yalitosha.

Vipele asikamue. Nywele zilizozama asizing'oe kwa kibanio, maana ukiing'oa inakuja kuota upya kutoka chini na inaweza kuzama tena kabla haijafika juu. Kitanzi kinachoonekana wazi akiinue tu kwa kukipitishia kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, taratibu, kikigoma akiache.

Siku ya tatu aliponipitia mashavu hayachomi tena. Shingo ilikuwa vilevile, na nilishamwambia itakuwa hivyo.

Kurudi kwenye wembe

Jambo la kwanza tulilobadilisha ni saa. Kunyoa alfajiri halafu ukavaa kola ngumu, ukatoka jasho, ukala vumbi na jua la Dar, ngozi iliyotoka kukwanguliwa haipati hata saa moja ya kupumua. Tukahamishia usiku kabla ya kulala, na wiki ya shifti ya usiku iwe asubuhi akitoka lindo. Wasiwasi wake ulikuwa ukaguzi, kwamba ndevu zitakuwa zimeota. Ndevu zinakua kama milimita 0.3 hadi 0.4 kwa siku nzima, kwa hiyo kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, hakuna jicho la kuiona hiyo kwenye mwanga wa getini.

Pili maji. Unywele mkavu ni mgumu, ukilowa unavimba na kulainika, nguvu ya kuukata inapungua sana, ila haulainiki kwa kumwagiwa maji mara moja, unataka dakika mbili tatu na maji yawe ya vuguvugu. Hita hana. Tukatumia chupa ya chai. Maji ya kuogea akichemsha jioni anabakiza kwenye chupa, akifika wakati anachovya kitaulo, anakikamua, anakifunika usoni, kikipoa anarudia. Hii ndiyo sehemu niliyomsisitizia kuliko zote.

Tatu cha kutelezesha wembe. Sabuni ya mche ni ya alkali, pH yake (kipimo cha uasidi na ualkali) inafika 9 au 10 wakati ngozi yetu iko karibu na 5, na povu lake linakauka kabla hujamaliza shavu moja. Alinunua krimu ya kunyolea ya tyubu, na nikamwambia ikiisha kabla ya mshahara atumie kondishena ya nywele, inateleza vizuri.

Nne mlalo wa ndevu, na hapa tulikaa sana. Kila mtu anasema nyoa kufuata ndevu zinakolala, lakini shingoni zinalala pande tofauti na mtu hawezi kuziona kwenye kioo kidogo. Nikamwambia ofu inayofuata aache ziote siku mbili, apapase kwa kidole kavu, upande unaokwaruza ni kinyume, upande unaoteleza ndio mlalo. Kwake mashavuni zinashuka chini kawaida, chini ya taya ya kulia zinaelekea sikioni, na karibu na koromeo zinazunguka. Akachora kwenye karatasi na mishale yake, akabandika nyuma ya mlango. Ukifikiria hapo mwanzo alikuwa anapandisha tu kote, utaona kwa nini koromeo ndipo palipokuwa pabaya kuliko pote.

Tano wembe wenyewe. Zile za nyembe mbili tatu, tangu Gillette walipotoa Trac II mwaka 1971 na Mach3 mwaka 1998, zimejengwa kwa wazo kwamba wembe wa mbele unauvuta unywele kidogo na wa nyuma unaukata kabla haujarudi. Ndiyo maana uso unakuwa laini sana, unywele umekatwa ukarudi chini ya usawa wa ngozi. Kwa mwenye nywele zilizonyooka huo ni uzuri, kwa mwenye kipilipili ni kuupeleka unywele mahali ambapo ukikua utatobolea ndani. Kwa hiyo alitafuta kile kishikio cha chuma cha kizamani kinachofungwa wembe mmoja wa pande mbili, aina ambayo King C. Gillette aliipatia hataza Marekani mwaka 1904, bado zinauzwa na nyembe zake ni za bei ndogo. Chuma kiinamishwe kidogo, kama nyuzi 30, uzito wake wenyewe ufanye kazi, mkono usikandamize. Ngozi isivutwe. Kila mpito osha wembe. Mara moja tu kila sehemu, ukitaka kurudia paka krimu tena kwanza. Madaktari wa ngozi wa Marekani wanashauri kubadilisha wembe baada ya kunyoa mara 5 hadi 7, kwa ndevu ngumu kama zake nilimwambia asifike hata huko.

Na kiganja kikikwaruza kidogo baada ya kumaliza, ndivyo inavyotakiwa. Hili lilimsumbua kuliko hatua nyingine yoyote maana kwake kunyoa ni mpaka uteleze.

Baada ya hapo maji ya baridi, taulo kugusagusa bila kusugua, mafuta ya mgando kidogo. Akijikata, kipande cha shabu kilicholoweshwa kwenye mkato tu.

Wiki ya pili ilivyoharibika

Mwenzake aliugua, kaka akapigiwa simu asubuhi akaingie badala yake. Hakuwa amenyoa. Akanyolea nyuma ya kibanda cha getini kwa maji ya chupa ya kunywa, wembe wa mlinzi aliyekuwa anatoka shifti, kupandisha, harakaharaka kabla afande hajafika, halafu akapaka afta shevu ya mwenzake yenye pombe na mentholi nyingi. Jioni alikuwa dirishani kwangu, shavu la kushoto linawaka, na siku mbili baadaye vipele vipya vitano sita vilitoka chini ya taya.

Aliomba haidrokotizoni tena. Nilikataa, maana mara ya kwanza ilikuwa ya kuzima moto uliokaa miezi, hii ilikuwa ya siku moja na kitambaa cha baridi kingeitosha, nikiogopa pia asijenge mazoea kwamba akikosea kunyoa kuna tyubu. Kitambaa na mafuta vikatosha, siku mbili shavu likatulia.

Tukaandaa kibegi kidogo kinachokaa naye lindoni, ndani wembe wake, kichupa cha kondishena, kitaulo na mafuta. Ukiitwa ghafla, hata dakika tano zinatosha kulowesha.

Halafu nikamkalisha kuhusu kuazimana nyembe, na hapo sikuwa naongelea ngozi tena. Wembe unaochubua unabeba damu hata usipoiona, na kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 kikiwa bado kinaambukiza. Alinyamaza, akasema chumba kizima wanaazimana. Akaenda kupima, akaanza chanjo, ambayo ni dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu miezi sita baada ya hiyo ya kwanza.

Barua ya daktari

Wiki ya tatu mashavu yalikuwa safi na shingo bado inatoa vipele, vichache kuliko mwanzo lakini vinatoka. Ukweli ni kwamba kwa nywele kama zake kunyoa shingo kila siku kwa wembe, hata unyoe kwa ufundi gani, baadhi zitazama. Tafiti zilizofanywa Marekani kwa wanaume weusi zinatoa makadirio kati ya asilimia 45 na 83 wenye tatizo hili, kwa hiyo hana ngozi mbovu, ana nywele za watu wengi. Na huko huko jeshini kwao kwa miaka mingi askari mwenye hali hii aliweza kupewa ruhusa ya daktari asinyoe kwa wembe, ingawa mwaka 2025 masharti yalikazwa, kwa hiyo kuomba jambo hili kazini si uvivu wala utovu wa nidhamu.

Nilikuwa nimelitaja tangu mwanzo akakataa, anaogopa kuonekana msumbufu akiwa kwenye majaribio. Sasa alikubali. Daktari wa zahanati aliona shingo, akaandika kwamba shingoni atumie mashine tu kwa muda, wembe hapana. Afande alikataa barua siku ya kwanza, akasema kanuni ni kanuni. Kaka hakubishana, akaipeleka ofisini kwa utaratibu, na baada ya siku kadhaa ofisi ikakubali, mashavu na kidevu anyoe kama kawaida, shingo mashine zero. Siku za wageni wakubwa anapangwa geti la nyuma. Haikumpendeza ila aliichukua.

Matokeo

Mashavu hayajaungua tena tangu ile siku ya kibanda cha getini. Shingoni vipele vipya vilikoma kama mwezi mmoja baada ya kuacha wembe, na hiyo ndiyo kawaida, wiki tatu nne nywele zilizozama zinakuwa na urefu wa kujichomoa. Vya zamani vilichelewa zaidi. Madoa meusi mwezi wa tatu yalikuwa bado yapo, yanafifia polepole, nilimwambia hayo yanataka miezi na kivuli cha kofia, asije akatafuta krimu ya kuyafuta kwa nguvu. Kipele kimoja chini ya taya kiligeuka kovu gumu linaloongezeka, nikamwelekeza kliniki ya ngozi maana linaweza kuwa kelodi na hilo haliguswi famasi.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kwangu lililosaidia zaidi ni kuondoa, kuliko kuongeza. Mashavu yalitulia ndani ya siku tatu na sidhani kama haidrokotizoni ndiyo ilistahili sifa zote, spiriti na ndimu kutoka usoni kulifanya kazi kubwa, na ushahidi wangu ni ile mara ya pili alipopoa kwa kitambaa na mafuta peke yake.

Ile siku ya kibanda cha getini nayo ilifundisha. Maji ya baridi, wembe wa nyembe mbili, kupandisha, pombe juu yake, vyote vilirudi asubuhi moja na ngozi iliyokuwa imepona ikaungua ndani ya masaa. Inaonyesha wazi kwamba wembe haumkatai kaka, namna ya kunyoa ndiyo iliyokuwa inamuunguza.

Kuhamisha saa kulikuwa na faida mbili. Ngozi ilipata usiku mzima bila kola wala jasho, na kaka aliacha kunyoa kwa haraka. Mtu anayenyoa saa kumi alfajiri huku anawaza daladala atakandamiza tu wembe, umwambie nini.

Uchambuzi: kilichokwama

Kishikio cha chuma kilimkata siku za kwanza, mara mbili pembeni ya kidevu, kwa sababu mkono ulizoea plastiki inayovumilia kukandamizwa. Kwa mtu mwingine mwenye mikono mizito au macho hafifu ningefikiria kuanza na ule wa plastiki wa kutupa wenye wembe mmoja tu kichwani.

Chupa ya chai ilitegemea mkaa kuwashwa jioni. Siku wasipopika hakuna maji ya vuguvugu, na siku hizo alijikuta anapunguza muda wa kulowesha badala ya kuacha kunyoa. Tulikubaliana siku ya namna hiyo aloweshe kwa maji ya bombani kwa muda mrefu zaidi.

Haidrokotizoni ilimpa wazo kwamba kuna dawa. Hata mwezi wa pili alikuwa bado anaiuliza. Nadhani kwa kuungua kusiko kukali, mteja akiwa tayari kuacha wembe siku mbili tatu, kitambaa cha baridi kianze peke yake.

Barua ndiyo iliyochelewa kuliko vyote, na sababu yake ni ajira. Wiki tatu shingo iliendelea kunyolewa kwa sababu mwenye shingo aliogopa kupoteza kazi, na kovu lile chini ya taya limetoka eneo hilo hilo. Sikuwa na kitu cha kumuuzia cha kutatua hilo.

Walinzi wenzake wawili wameshakuja na shingo za namna ileile, wote wananyoa alfajiri kwa sabuni ya mche, wote wako kwenye majaribio na hawataki kusikia habari za barua. Kwao tumeanza na maji, mlalo na mashine zero siku za ofu, kila mmoja na wembe wake, na barua wamesema watakwenda kuifuata wakishathibitishwa kazini.